Shajara ya mradi: Jina la Joubert, kutoka Ufaransa hadi Rasi na Ziwa Tanganyika

2 Septemba 2024: Swali na mipaka yake

Tarehe 18 Agosti mwaka huu, mjini Uvira, Padri Albert Joubert alitangazwa Mwenyeheri pamoja na wamisionari watatu wa shirika la Waksaveri waliouawa Baraka na Fizi mwezi Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba nchini Kongo. Huku Kigoma habari hizo zilifuatiliwa kwa makini, kwa kuwa ziwa ni moja, na jina la Kapteni Joubert, baba yake marehemu, halijasahaulika Karema wala ng'ambo ya pili. Baada ya hapo likaibuka swali ambalo kila mtu alikuwa na jibu lake: je, Joubert huyu ni wa ukoo mmoja na Piet Joubert, jenerali wa Makaburu aliyewashinda Waingereza Majuba mwaka 1881? Wapo waliosema ni binamu, na wapo waliosema kwa uhakika mkubwa zaidi kwamba Kapteni alikuwa Kaburu aliyepita Rasi, yaani Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, kabla ya kufika kwetu.

Mradi huu unalishughulikia swali hilo kwa nyaraka. Shajara inawekwa wazi ili mwenye kufuatilia jina jingine lolote la Kizungu aweze kuiga njia na kuepuka hasara. Kanuni ni moja: hakuna mtu anayeunganishwa na mzazi wake kwa sababu ya jina pekee. Kila kiungo kinahitaji jina, kijiji na tarehe, na vyote vitatu vitoke katika karatasi iliyoandikwa wakati wa uhai wa mhusika au mara tu baada ya kifo chake.

24 Septemba 2024: Jina lenyewe

Hatua hii ilikuwa nyepesi, lakini ndiyo iliyobadilisha sura ya mradi. Joubert lilikuwa jina la mtu binafsi kabla ya kuwa jina la ukoo. Mzizi wake ni Gautbert, jina la Kijerumani cha kale lenye sehemu mbili, ya kwanza ikihusishwa na watu walioitwa Wagauti na ya pili ikiwa na maana ya mng'aro au umashuhuri. Majina ya namna hiyo yaliingia Ufaransa pamoja na watawala wa Kijerumani baada ya dola ya Roma kuanguka, yakapendwa, na wenyeji wakawapa watoto wao hata pale ambapo hakuna tone la damu ya Kijerumani lililohusika. Karne kadhaa baadaye, majina ya baba yalipoanza kurithiwa na kuwa ya ukoo, kila kijiji kilichokuwa na mzee aitwaye hivyo kiliweza kutoa ukoo wake. Hamisi Juma wa Ujiji na Asha Juma wa Tanga hawawi ndugu kwa sababu babu wa kila mmoja aliitwa Juma, na hali ya akina Joubert ni hiyohiyo.

Ushahidi umetapakaa katika ramani ya Ufaransa. Laurent Joubert, tabibu mashuhuri wa Montpellier, alizaliwa Valence mwaka 1529. Joseph Joubert, mwandishi wa tafakuri, alizaliwa Montignac mwaka 1754. Barthélemy Joubert, jenerali wa Mapinduzi, alizaliwa Pont-de-Vaux mwaka 1769. Didier na Jules Joubert, ndugu walioshiriki kukiendeleza kitongoji cha Hunters Hill huko Sydney katika karne ya 19, walitoka Angoulême. Miji hiyo iko mbalimbali kabisa, na kila mmoja ulikuwa na akina Joubert wake bila kuwaazima kwa mwingine.

Tahajia nayo hutoa dalili. Kusini kabisa mwa eneo la Kioksitani, lugha ya asili ya kusini mwa Ufaransa, jina lilibaki na G, yaani Gaubert. Sehemu za kaskazini za lugha hiyo, pamoja na mabonde ya milima ya Alpi, G ililainika kuwa J, likapatikana Jaubert. Kaskazini na magharibi zaidi tunakuta Joubert na Jobert. Kwa hiyo anayetafuta "Joubert" pekee katika rejista za Provence atarudi mikono mitupu, na ndivyo utafutaji wa mwanzo ulivyokwenda hadi maumbo yote manne yalipoingizwa.

Katika hatua hii ilijitokeza pia biashara ya nembo za ukoo, ambapo mtu huandika jina lake, hulipa, kisha hutumiwa ngao yenye simba au nyota. Nembo ilikuwa mali ya mtu fulani na wazao wake, haikuwa ya kila mwenye jina. Fedha hiyo haikutumika na haitatumika.

13 Oktoba 2024: Mti wa ukoo uliopakuliwa, na kwa nini uliondolewa wote

Njia iliyoonekana fupi ilikuwa kupakua mti wa ukoo uliokwisha kutengenezwa na watu wengine. Ulipatikana katika tovuti moja ya kulipia, ukiwa na maelfu ya majina, na ndani yake Kapteni wa Ziwa Tanganyika alikuwa ameunganishwa vizuri kabisa na Pierre Joubert wa Rasi, mwanzilishi wa akina Joubert wa Afrika Kusini. Malipo ya mwezi mmoja yalikuwa karibu shilingi elfu hamsini, na kwa siku chache ilionekana kana kwamba kazi imekwisha.

Kasoro zilijitokeza pale viungo vilipokaguliwa kimoja kimoja. Daraja kati ya pande hizo mbili lilikuwa mtoto wa Pierre ambaye, kwa mujibu wa mti huo, alizaliwa Provence mwaka 1690, ilhali Pierre alikwisha kufika Rasi mwaka 1688 na hakurudi. Mtoto huyo alipewa ndoa katika kanisa Katoliki magharibi mwa Ufaransa bila kutajwa parokia wala ukurasa. Chanzo kilichoandikwa pembeni kilikuwa mti mwingine wa mtandaoni, nao ulitaja wa tatu, na huo wa tatu ulirudi kwa wa kwanza. Mlolongo huo mzima hauna hata karatasi moja.

Kusahihisha kiungo kimoja tu hakukusaidia, kwa sababu programu ilikuwa imekwisha kuwaunganisha akina Pierre kadhaa kuwa mtu mmoja, pamoja na wake zao na watoto wao, na kuwatenganisha kulichukua muda mrefu kuliko kuanza upya. Faili lote lilifutwa. Mahali pake yamewekwa majedwali mawili ya Excel yasiyogusana, moja la Rasi na jingine la Ziwa, na kila mstari una safu ya jina kama lilivyoandikwa katika waraka, safu ya jina lililosanifishwa, kijiji, tarehe, aina ya waraka na mahali unapohifadhiwa. Anayeiga mradi huu asiidharau safu ya kwanza. Ukiandika "Joubert" mahali ambapo karani aliandika "Jaubert", umeufuta ushahidi kwa mkono wako, na hakuna atakayejua.

17 Novemba 2024: La Motte-d'Aigues, Rotterdam, na meli ya Berg China

Upande wa Rasi una bahati ya kuwa na mwanzo unaojulikana. Pierre Jaubert alitoka La Motte-d'Aigues, kijiji cha Provence kilicho chini ya milima ya Luberon, na alisafiri akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hatua yenyewe ilikuwa ngumu kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza ni jina la kijiji. Ufaransa ina akina La Motte wengi mno, na huko Franschhoek, Afrika Kusini, kuna shamba liitwalo La Motte ambalo Joubert huyu alikuja kulimiliki. Miti kadhaa ya mtandaoni inamfanya mzaliwa wa shamba. Isitoshe, kijiji sasa kimo katika mkoa wa Vaucluse, na nyaraka za mkoa huo hutunzwa Avignon, lakini mkoa wenyewe uliundwa mwaka 1793 tu. Mwaka 1688 pale palikuwa Provence ya mfalme, yenye makao yake Aix. Mtafiti anayeandika "Vaucluse, 1665" katika jedwali lake hupotosha wenzake kuhusu mahali pa kutafuta.

La pili ni dini. Vijiji hivyo vya Luberon vilikuwa na Wavaldo, watu wa madhehebu yaliyokuwapo kabla ya Luther, ambao wengi wao walishuka kutoka mabonde ya Alpi katika karne za 15 na 16 kuja kulima ardhi iliyoachwa tupu na tauni na vita. Aprili 1545 majeshi yalivamia Mérindol, Cabrières na vijiji jirani, yakaua na kuchoma. Walionusurika walijiunga na Wakalvini, Waprotestanti wa Ufaransa waliofuata mafundisho ya Calvin, nao ndio wanaoitwa Wahugenoti. Hapa tahajia ya Jaubert, yenye J ya milimani badala ya G ya kusini, inaendana na historia hiyo ya kuhama. Inaendana tu, haithibitishi, na katika jedwali imewekwa kwa rangi tofauti ili isije ikageuka kuwa ukweli kwa kunakiliwa.

Oktoba 1685 Mfalme Louis XIV aliifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa imewalinda Waprotestanti tangu 1598. Wachungaji walipewa siku kumi na tano kuondoka nchini, na waumini wakakatazwa kuondoka, adhabu kwa wanaume ikiwa kupelekwa katika merikebu za makasia. Ndiyo maana safari ya mkimbizi haina cheti cha kutoka. Katika rejista za kijiji mtu anabatizwa, pengine anaonekana tena katika orodha ya waliolazimishwa kuikana imani yao, kisha haonekani tena. Msaada wa pekee hutoka katika nyaraka za mali zilizotaifishwa za waliotoroka, na fungu kubwa la hizo limo katika mfululizo wa TT wa Hifadhi ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris.

Kwa hiyo kazi ilihamia Uholanzi, mahali mtoro anapoibuka tena kwenye karatasi. Makanisa ya Kiwaloni, yaliyoendesha ibada kwa Kifaransa, yaliwaandika wakimbizi kwa uangalifu, na kadi za faharasa za rejista zao zilizokusanywa Leiden ndizo mlango wa kuingilia. Pierre alimwoa Suzanne Reyne huko Rotterdam mapema mwaka 1688, na wakapanda Berg China, meli ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India. Meli iling'oa nanga mwezi Machi na kufika Rasi tarehe 4 Agosti 1688. Suzanne alifia njiani. Pierre akamwoa Isabeau Richarde, na kwa ndoa hiyo ndiko wanakotoka akina Joubert wa Afrika Kusini.

Masharti ya Kampuni yanafaa kujulikana na kila anayefuatilia ukoo wa Kihugenoti, kwa kuwa yanaeleza kwa nini karatasi zipo. Msafiri hakulipa nauli, aliapa utii, na alitakiwa kukaa Rasi kwa angalau miaka mitano kama mkulima. Kampuni yenye biashara ya namna hiyo huandika kila kichwa, kila mfuko wa mbegu na kila deni. Waliofika mwaka 1688 na 1689 ni karibu watu mia mbili tu, jambo linalofanya orodha zao ziweze kusomwa zote bila kuchoka.

Gharama za hatua hii zilikuwa bando la intaneti la usiku, kwa kuwa picha za rejista ni nzito na mchana mtandao hautoshi, pamoja na ada ya skani za kurasa chache zilizoagizwa kwa barua pepe. Hifadhi nyingine huomba nambari ya waraka kabla ya kujibu. Barua iliyosema "naomba taarifa za ukoo wa Joubert" haikujibiwa, ilhali iliyotaja aina ya rejista, mwaka na jina la kanisa ilijibiwa ndani ya wiki mbili.

19 Januari 2025: Rasi, na jinsi Jaubert alivyogeuka Joubert

Gavana Simon van der Stel hakutaka Wafaransa wajikusanye mahali pamoja. Mashamba yao ya Drakenstein yalichanganywa na ya Waholanzi, na ombi lao la mwaka 1689 la kuwa na kanisa lao peke yao lilimkasirisha, ingawa Drakenstein hatimaye ilipata usharika wake. Mchungaji wao Pierre Simond aliondoka mwaka 1702, wakati Kampuni ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Kifaransa kisifundishwe tena shuleni kwa watoto. Mwanafalaki Lacaille alipokuwa Rasi kati ya 1751 na 1753 alikuta lugha hiyo imebaki kwa wazee tu.

Matokeo yake yanaonekana katika kalamu za makarani. Kwa Kiholanzi, herufi au na ou husomwa kwa sauti ileile, hivyo karani aliyeandika Joubert mahali pa Jaubert hakuona kwamba amebadilisha kitu, na wazao wasiokijua Kifaransa hawakuwa na sababu ya kumrekebisha. Kisha J ikasomwa kama Y. Leo mwenye jina hilo Afrika Kusini huitwa kwa sauti inayokaribia "Yubeer", sauti ambayo Mfaransa wa Nantes asingeitambua. Umbo la maandishi likafanana na lile la magharibi mwa Ufaransa kwa ajali ya tahajia, na ajali hiyo ndiyo iliyozaa swali letu lote. Kama makarani wa Rasi wangeandika jina kama lilivyotamkwa Provence, Jenerali Jaubert na Kapteni Joubert wasingefikiriwa kuwa ndugu na mtu yeyote wa Kigoma.

Majina ya mashamba yanasimulia habari ileile kwa njia nyingine. Joubert aliliita shamba lake La Provence. Jean Roi wa Lourmarin alikuwa na L'Ormarins, na Pierre Jourdan wa Cabrières alikuwa na Cabrière. Ramani ya Franschhoek ukiisoma pamoja na ramani ya Luberon, utaona vijiji jirani vimehamia pamoja, na hilo lina manufaa ya kiutafiti: jirani katika hati ya shamba mara nyingi ni shemeji, msimamizi wa ubatizo au shahidi wa wosia.

Kikwazo kikubwa cha hatua hii kilikuwa majina yanayojirudia. Desturi ya Rasi ilimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, kwa hiyo ndugu watano wakizaa kila mmoja hupata Pieter wake, na wote hubatizwa katika kanisa moja ndani ya miaka michache. Kuwapanga kwa tarehe pekee hakukufaulu. Kilichofaulu ni kuwafuata wake. Waholanzi wa Rasi walimwandika mwanamke kwa jina la ukoo alimozaliwa hata baada ya kuolewa, na hivyo Pieter aliyemwoa fulani hutengana na Pieter mwenzake mara moja. Hesabu za mirathi za Chumba cha Yatima, ofisi ya Rasi iliyosimamia mirathi, zilizopo katika hifadhi ya Cape Town na nyingi zimekwisha kunakiliwa na kuwekwa mtandaoni, huorodhesha wajane na watoto wote kwa majina na umri, na ukurasa mmoja wa mirathi ulimaliza utata ambao rejista za ubatizo hazikuweza kuutatua.

Kwa kupanga vizazi umetumika mfumo wa de Villiers na Pama, unaotumiwa na watafiti wengi wa koo za Rasi. Mwanzilishi ana herufi a, watoto wake ni b1, b2 na kuendelea, wajukuu c, vitukuu d. Mtu aliyeandikwa b3c1d5 ni mtoto wa tano wa mtoto wa kwanza wa mtoto wa tatu wa mwanzilishi. Mfumo huu una kasoro moja ya kuudhi, kwamba akigunduliwa mtoto aliyesahauliwa nambari zote za chini yake husogea. Kwa hiyo nambari huwekwa mwishoni, baada ya kizazi kizima kufungwa, na haifai kuzitumia kama jina la faili.

Kuanzia miaka ya 1830 wazao wengi waliondoka Rasi na mikokoteni kuelekea Natal, Orange na Transvaal. Piet Joubert, kamanda mkuu wa Jamhuri ya Afrika Kusini, aliyefariki Pretoria mwezi Machi 1900, ni wa mkondo huo. Lakini si kila Joubert wa Afrika Kusini ametoka kwa Pierre kwa mstari wa baba na ndoa ya kanisani. Rasi ilikuwa nchi ya utumwa hadi 1834, na watumwa hawakuwa huru kabisa hadi 1838, na wako waliopata jina kwa kuzaliwa nje ya ndoa, kwa ubatizo au kwa mahali walipofanyia kazi. Miti mingi ya mtandaoni huwakata kimyakimya. Katika jedwali hili wanaingia na waraka wao ukitajwa, kwa kuwa jina ni lao pia.

16 Februari 2025: Tarehe

Ingizo hili ni fupi, ila lina hasara iliyotugharimu wiki nzima. Makasisi wa Ufaransa walifupisha miezi kwa tarakimu, wakaandika 7bre, 8bre, 9bre na Xbre. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kuhesabu miezi huona 8bre akasema mwezi wa nane, Agosti. Sivyo. Tarakimu hapo inawakilisha sauti ya Kilatini iliyomo ndani ya jina la mwezi: 7bre ni Septemba, 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, na Xbre ni Desemba. Watoto kadhaa katika jedwali walikuwa wamebatizwa kabla ya kuzaliwa, na hapo ndipo kosa lilipobainika. Safu yote ya tarehe ilisomwa upya kutoka katika picha.

Jambo la pili ni kalenda ya Mapinduzi, iliyotumika Ufaransa hadi mwisho wa 1805. Programu ya kugeuza tarehe ijaribiwe kwanza kwa tukio linalojulikana. Jenerali Barthélemy Joubert aliuawa vitani Novi tarehe 28 Thermidor mwaka VII, yaani 15 Agosti 1799. Programu moja ya simu iliyotumika mwanzoni ilitoa siku tofauti, ikaachwa.

27 Aprili 2025: Saint-Herblon na Ziwa Tanganyika

Upande wa pili huanzia Saint-Herblon, karibu na Ancenis kwenye mto Loire, alikozaliwa Léopold Louis Joubert tarehe 22 Februari 1842. Kijiji hicho tangu 2016 kimeunganishwa na Anetz na kuitwa Vair-sur-Loire, na tovuti za ramani hulionyesha jina jipya, lakini rejista bado ziko chini ya jina la kale katika hifadhi ya Loire-Atlantique mjini Nantes. Picha zake hutazamwa bure. Baada ya mapambano ya Rasi hatua hii ilikuwa kama mteremko: kuanzia 1792 vyeti huandikwa na serikali, faharasa hutolewa kila baada ya miaka kumi, na cheti cha ndoa hutaja wazazi wa pande zote mbili pamoja na mahali walipozaliwa bwana na bibi harusi. Mtu hurudi nyuma kizazi kwa kizazi hadi Mapinduzi, kisha huhamia katika rejista za parokia, ambazo tangu 1667 zilitakiwa kuandikwa nakala mbili. Nakala moja ikiwa imeliwa na panya au moto, iulizwe ya pili.

Maisha ya Kapteni mwenyewe yanajulikana vizuri. Alikuwa Mkatoliki wa magharibi mwa Ufaransa, akajiunga na wanajeshi wa kujitolea waliomlinda Papa, akajeruhiwa Castelfidardo mwaka 1860, na baadaye akajitolea kwa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, kulinda misheni za Ziwa Tanganyika dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Karema, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, na Mpala, ng'ambo yake, zote zilikabidhiwa kwa mapadre mwaka 1885. Kapteni alifanya makao upande wa magharibi, akamwoa Agnes, mwanamke Mwafrika, mwaka 1888, akaanzisha kijiji cha Saint-Louis de Mrumbi, na akafariki mwaka 1927 bila kurudi kuishi kwao. Albert alizaliwa Mrumbi mwaka 1908.

Hivyo hadithi ya Kaburu aliyepita Rasi inaanguka mara moja. Njia ya misafara ya Mapadre Weupe ilianzia pwani ya Zanzibar na Bagamoyo kuja Tabora hadi ziwani, na Kapteni aliifuata hiyo. Kati ya La Motte-d'Aigues na Saint-Herblon kuna zaidi ya kilomita 600, mpaka wa lugha na mpaka wa dini. Mmoja aliikimbia Ufaransa kwa kuwa Mprotestanti, na mwingine aliiacha kwa kumtumikia Papa.

Mzee mmoja wa parokia, katekista mstaafu, alisomewa matokeo haya. Akauliza, "Sasa mwanangu, huyo jenerali wenu tumpe nani?" Akajibiwa kwamba ana kwao kwa mababu zake, Franschhoek, na shamba lao lipo. Akaridhika, ingawa alitaka kujua kama mvinyo wa huko ndio unaoletwa misani.

22 Juni 2025: Gharama, na kilichoachwa

Wako waliopendekeza kipimo cha vinasaba. Kipimo kinachofaa ni cha kromosomu Y, inayopita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto wa kiume, na kingehitaji mwanamume mmoja wa mstari wa Rasi na mmoja wa mstari wa Ziwa, wote wakiwa wamekubali kwa hiari na kuelewa kwamba jibu linaweza kugusa heshima ya nyumba zao. Bei ya vipimo viwili pamoja na kusafirisha sampuli ilizidi gharama ya mradi wote. Zaidi ya hilo, tofauti ikionekana, itathibitisha kile ambacho nyaraka zimekwisha kuonyesha. Na mfanano ukionekana, utaelekeza kwa babu wa kabla ya majina ya ukoo kuwapo. Pendekezo limewekwa kando.

Kilichotumika, kwa makadirio, ni shilingi laki tatu na nusu: sehemu kubwa ni bando, ikifuatwa na skani za Uholanzi na Cape Town, mwezi ule mmoja wa tovuti ya kulipia ambao haukuleta faida, na uchapaji. Rejista za Ufaransa hazikugharimu chochote isipokuwa macho.

Majedwali mawili yamehifadhiwa katika flashi mbili na kuchapwa nakala moja, kwa sababu umeme ulikatika wakati faili la Rasi likihifadhiwa na toleo la wiki mbili likapotea. Hatua inayofuata ni kusoma vitabu vya notari, yaani waandishi rasmi wa mikataba, wa bonde la Aigues kwa miaka ya kabla ya 1685, kuwatafuta akina Jaubert katika mikataba ya ndoa na mauzo ya ardhi. Vitabu hivyo haviko vyote mtandaoni, na barua ya kuomba skani, yenye aina ya kitabu, kijiji na miaka, imetumwa Avignon leo asubuhi.